Walimnyima Papai, Wakamkorogea Glukosi

Juzi, kwenye arusi ya mtoto wa jirani hapa Munyaka, niliona kijana mmoja mwenye suti na adabu zake akimnyang'anya nyanya yake kipande cha tikiti maji. Alikitoa kwenye sahani yake mbele ya wageni, akamwambia kwa upole, "Cucu, hii GI yake iko juu mob. Itakumaliza." Akakitupa. Kwenye ile sahani akaacha mlima wa wali, chapati mbili na viazi vya kukaanga, na kando yake soda baridi. Hivyo hakuvigusa. Nadhani simu yake haikuwa imemwambia chochote juu ya hivyo.

Arusi haikuwa yangu. Lakini nilirudi nyumbani na hasira, na hasira yenyewe ni ya zamani, inamshinda umri yule kijana. Sasa nyinyi mnaosomea unesi, na nyinyi mnaonitumia chati za matunda kwa simu kila asubuhi mkiniita Gogo, yaani nyanya kwa lugha ya kwetu, na kuniombea afya njema, leo nisikilizeni mimi.

Nilifanya kazi ya unesi hapa Eldoret kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa kwenye kliniki ya wagonjwa wa sukari. Ni wakati ule chama kilikuwa kimoja na watoto wa shule walikuwa wanakunywa maziwa ya bure. Hizi mashine zenu za kutoboa kidole hatukuwa nazo. Sisi tulikuwa na mkojo. Unamimina dawa ya rangi ya buluu kwenye kichupa cha kioo, unadondosha matone machache ya mkojo, unachemsha juu ya taa ya spiriti huku ukitikisa, na unaelekeza mdomo wa kichupa mbali na uso wako, kwa sababu ikiruka utaijua. Ikibaki buluu, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, kuna kidogo. Ikienda manjano hadi rangi ya chungwa, mambo yameharibika. Ikiwa nyekundu kama tofali, hapo unamwita daktari.

Wagonjwa walikuwa wanaiogopa ile rangi kama vile mwanafunzi anaogopa kiboko. Kuna mzee mmoja kutoka Ainabkoi, mtu wa kwetu kabisa, ambaye mkojo wake ulikuwa unabaki buluu safi kila akija, na huku anakonda na kunywa maji kama ng'ombe aliyetoka machungani. Sista Filomena, ambaye ndiye aliyenifunza kazi, alinusa kile kichupa akamtazama. "Mzee, hii ni ya nani?" Mzee akasema bila aibu kwamba ni ya binti yake, kwa sababu hiyo ya binti ndiyo hupita mtihani.

Sista Filomena alikuwa mwanamke mrefu wa sauti ya chini, na sijapata kumuona akimgombeza mgonjwa. Kitu alichonifunza kinashinda vitabu vingi nilivyosoma baadaye. Aliniambia, "Usimuulize mgonjwa anakula nini. Ukimuuliza hivyo, atakuambia kile anadhani unataka kusikia. Muulize jana alikula nini. Halafu muulize alikunywa nini, na nani alimpikia." Nilianza kuuliza hivyo, na kweli watu wakaanza kuniambia mambo.

Sasa hii habari ya namba za matunda, hiyo mnayoiita GI. Msidhani mmeivumbua nyinyi. Kwetu ilifika wakati ule ule, kwa mkono wa Daktari Odera, kijana aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na alikuwa anakuja kliniki yetu kila Alhamisi. Alikuwa na karatasi yenye majina ya vyakula, na mbele ya kila jina namba. Alitukalisha, manesi wote, akatueleza vizuri. Nataka mlishike hili, kwa sababu ndilo linaloachwa nje kila mara.

Alisema, "Hii namba inawaambia mbio. Inasema sukari ya chakula inaingia kwenye damu kwa haraka gani. Haisemi ni sukari kiasi gani imeingia. Hayo ni mambo mawili."

Nikamuuliza ile namba ilipatikanaje. Akasema waliopimwa walikula chakula hicho peke yake, asubuhi, tumbo tupu, na kila chakula kilipimwa mpaka kikafikia kiasi kimoja cha wanga. Kwa mkate, hivyo ni vipande vichache tu. "Lakini kwa papai," akasema, "mtu itabidi ale karibu papai zima, peke yake, bila kitu kingine. Nani kati yenu hufanya hivyo?" Tukacheka. Akasema tena, "Kipande kimoja baada ya chakula, hata kama kina mbio, kinabeba mzigo mdogo. Angalieni sahani nzima."

Alieleza hivyo, na mimi nilikuwa nimekaa pale nikisikia. Daktari hakukosea.

Aliyekosea ni mkubwa wetu wa kliniki, ambaye nitamwita Bwana Masika. Aliichukua ile karatasi, akaacha vyakula vyote vingine, akatoa matunda peke yake, akamwita mchoraji wa mabango akamchorea chati kubwa ya ukutani. Ndizi mbivu, papai, nanasi, embe, yote kwa rangi nyekundu, na juu yake neno moja: MARUFUKU. Wali haukuwemo, wala mkate, wala soda. Chati ilikuwa ya matunda, akasema, na matunda ndiyo yana utamu wa wazi.

Nilimwendea nikamwambia kwamba Daktari Odera hakusema hivyo. Bwana Masika akanijibu bila kuinua macho, "Sista, hawa wagonjwa hawaelewi mbio na mzigo. Wanaelewa ndiyo na hapana." Lazima mwelewe wakati wenyewe. Neno marufuku lilikuwa tamu kinywani mwa kila mwenye cheo, awe chifu, awe karani, awe mlinda lango. Na anayeuliza swali alikuwa anaulizwa ametumwa na nani. Basi chati ikabaki ukutani.

Mama Halima, mmoja wa wagonjwa wetu, alikuwa na duka la vitambaa karibu na soko, duka ambalo yeye na marehemu mume wake walilifungua walipofika hapa kutoka kaskazini. Alikuwa mama mnene, mcheshi, mwenye kupima kitambaa kwa mkono na asikosee. Mwanawe Abdi alikuwa na malori ya mizigo ya kwenda Lodwar, na tangu baba yake afariki, yeye ndiye alikuwa mkubwa wa nyumba. Ng'ambo ya barabara, kwenye vibanda vya matunda, alikuwa anauza Mama Njeri, ambaye wazazi wake walikuja Uasin Gishu kutoka Murang'a kutafuta shamba. Hao wanawake wawili walikuwa marafiki wa siku nyingi. Kila alasiri, Mama Halima akimaliza kuswali, Mama Njeri alikuwa anavuka barabara na papai lililokatwa, wanakaa kwenye viti vifupi mlangoni mwa duka, wanakula na kuwasengenya wapita njia. Mimi mwenyewe nimesengenywa pale, najua.

Siku Abdi alipomleta mama yake kliniki na kuiona ile chati, aliisoma yote, mstari kwa mstari. Alikuwa mwana anayempenda mama yake, na alikuwa amemuona baba yake akifa. Alitoka pale akaenda moja kwa moja hadi kibanda cha Mama Njeri, na mbele ya wateja akamwambia, "Wewe ndio unaua mama yangu na hii papai yako. Ukileta tena, mimi na wewe tutaonana kwa chifu."

Mama Njeri hakuvuka barabara tena. Ungefanya nini? Mtu amekuita muuaji mbele ya wateja.

Miezi ikapita. Kila Mama Halima alipokuja kliniki, mkojo wake ulikuwa unachemka na kugeuka tofali. Vidonge anameza, matunda amenyimwa, na bado ni tofali. Alikuwa anakonda usoni, anachoka, na nikaona anatembea akiuburuta kidogo mguu wa kushoto. Bwana Masika alikuwa na jibu moja tu. "Huyu anaiba matunda."

Asubuhi moja, wagonjwa wakiwa wamejaa kwenye mabenchi, alimwambia Abdi, "Angalia mkoba wake." Na Abdi akauangalia. Aliuchukua mkoba wa mama yake mzazi, akaufungua mbele ya watu, akatoa kipande cha papai kilichofungwa kwa nailoni. Bwana Masika akakishika juu ili benchi lote lione. "Mmeona? Sisi tunawatibu, nyinyi mnaficha."

Mama Halima aliuvuta mtandio wake akafunika uso.

Nimefanya kazi na kuona vifo na vizazi, lakini hasira niliyoipata pale sijaisahau. Mama aliyemlea huyo mtoto kwa jasho la duka, anapekuliwa kama mwizi wa sokoni, kwa sababu ya tunda. Nilikichukua kile kipande mkononi mwa mkubwa wangu, nikakirudisha ndani ya mkoba, nikamshika Mama Halima mkono tukaingia chumba cha kufunga vidonda. Nikamvua kiatu. Kidole cha pili cha mguu wa kushoto kilikuwa na kidonda, cheusi pembeni.

"Tangu lini, mama?"

"Si sana. Hakiumi." Na kutouma ndiko kulikonitisha, maana sukari huua hisia za mguu.

Nikakisafisha, na nikiwa nafunga nikamuuliza, "Jana ulikula nini?"

Akaniambia. Asubuhi anjera, ile chapati yao nyepesi, na samli, na chai. Chai ya kwao, ya viungo na maziwa, yenye sukari hadi kijiko kinasita. Saa nne chai tena, kutoka kwa chupa ambayo hukaa dukani mchana kutwa. Mchana wali na nyama. "Zamani nilikuwa nakula na ndizi moja pembeni, vile sisi tunakula. Abdi ameondoa ndizi, ameongeza wali nishibe."

"Na ulikunywa nini?"

"Ile juisi ya chupa ya kuchanganya na maji. Abdi alinunua. Haiko kwa chati."

"Na kitu kingine?"

Akasitasita. "Glukosi. Ile unga ya pakiti. Abdi ananikorogea asubuhi na jioni, kwa sababu sina nguvu."

Nawaambia nyinyi mnaosoma kwa simu, mlisikie hili. Glukosi ndiyo sukari yenyewe. Ndiyo kipimo ambacho vyakula vingine vilikuwa vinalinganishwa nacho kwenye ile karatasi ya daktari. Kijana mwenye akili, mwenye kumpenda mama yake, alikuwa amemnyima papai la Mama Njeri na kumkorogea glukosi asubuhi na jioni, kwa sababu kliniki yetu ilikuwa imemfunza kuogopa tunda na haikumfunza kitu kingine.

Nilimweleza Daktari Odera Alhamisi hiyo. Alikuja akamwona mguu, akampa dawa ya kidonda, akaniambia, "Sista, nenda nyumbani kwao. Mpimie huko, huyo kijana akiwa hapo." Nikaenda na taa yangu ya spiriti na vichupa ndani ya kikapu. Nyumba ilikuwa nyuma ya duka. Abdi alinipokea kwa heshima lakini uso umekaza.

"Sista, mimi nimefuata kila kitu imeandikwa. Hooyo hajaonja tunda tangu siku ile ya mkoba."

Hooyo ndivyo alivyokuwa anamwita mama yake.

"Najua," nikamwambia. "Ndiyo maana nataka upime wewe mwenyewe."

Mama Halima alikuwa amekula chakula chake cha mchana cha kila siku, na kile kikombe cha glukosi cha asubuhi alikuwa amekunywa pia. Nikampa Abdi kichupa na kibano, nikamwonyesha namna ya kutikisa. Yule mtu wa malori, mwenye mikono ya kubadilisha magurudumu, alikishika kama yai. Buluu ikawa kijani, kijani ikawa manjano, halafu rangi ya chungwa, halafu tofali.

Akakisogeza kichupa kwenye mwanga. "Lakini hajala tunda."

"Ndiyo," nikasema. "Hajala tunda."

Niliziweka mezani pakiti ya glukosi, chupa ya juisi, chupa ya chai na bakuli la sukari, moja baada ya nyingine, na nikaona anaelewa. Tukakubaliana hivi: glukosi na juisi zitoke, chai ipikwe bila sukari na hiliki iongezwe, wali upungue nusu, na nafasi yake ijazwe sukuma wiki na maharagwe. Na baada ya chakula, kipande cha papai cha ukubwa wa kiganja. Hapo Abdi alikaza uso tena. Nikamwambia, "Wiki hizi chache nipe mimi. Ikirudi tofali, nitaondoa papai mimi mwenyewe, na nitakuomba msamaha."

Wiki chache baadaye alichemsha mwenyewe tena. Ikasimama kijani. Mama Halima aliyekuwa amekaa kitandani akasema, "Na leo nimekula papai," kwa sauti ya mtoto anayesema ukweli ili aone kama atachapwa.

Basi mniulize sasa kama hiyo namba ya tunda ni muhimu katika chakula cha kila siku. Namba si uongo. Ndizi iliyoiva hadi ikapata madoa ina mbio kuliko ile ngumu, na tunda ulilolikamua ukanywa maji yake ukatupa nyuzi si tunda lile lile tena. Sisemi mle kapu zima. Lakini mtu anayekaa mbele ya sima ya kushibisha wachimba mtaro wawili, akashushia na soda, halafu akaniuliza kwa wasiwasi kama pera lina GI gani, huyo amedanganywa mahali pa kuangalia. Na aliyemdanganya ananiudhi kuliko yeye.

Nilirudi kwa Bwana Masika nikamweleza yote, nikamwomba ile chati ishuke au iongezewe vyakula vingine. Akasema, "Wewe unapinga maagizo ya kliniki?" Nikasema napinga chati. Muda si mrefu nikahamishwa zahanati ya mbali, na ile chati nimeambiwa ilikaa mpaka rangi ikapauka.

Lakini kabla sijahamishwa, kidole cha Mama Halima kilikatwa. Tulikuwa tumechelewa. Siku ya upasuaji nilikaa na Abdi kwenye benchi la hospitali. Mwishowe akauliza, akiangalia sakafu, "Ni ile glukosi?"

Ningeweza kumdanganya. "Glukosi, na chai, na juisi, na viatu vya kubana, na miaka," nikamwambia. "Lakini wewe uliinunua kwa mapenzi. Waliokuambia uogope papai ndio walitakiwa kukuambia na hiyo."

"Hooyo hakuwa anaipenda. Alikuwa anakunja uso kila akinywa."

"Na alikuwa anaimaliza?"

"Yote."

"Kwa sababu wewe ndiye uliyeikoroga, Abdi."

Alilia pale bila kujificha, na mimi nilimwacha alie.

Mama Halima aliporuhusiwa kurudi nyumbani, kitu cha kwanza alichouliza kilikuwa habari za Mama Njeri. Abdi akaniomba nimsindikize. Tulikuta Mama Njeri amekaa kwenye kreti, anapanga machungwa. Alimwona Abdi akaendelea kupanga.

"Nataka papai," Abdi akasema. "Ile iliyoiva vizuri."

"Ya nani?"

"Ya Hooyo."

Mama Njeri akapangusa mikono kwa aproni. "Uliniita muuaji hapa hapa. Huyu alisikia, na huyu, na yule wa nyanya. Miezi yote hiyo watu wananunua kwangu wakinitazama mikono. Sasa unataka kununua ukaenda kimya kimya?"

Wanawake wa vibanda vya jirani walikuwa wameacha kazi. Abdi akawaangalia, akamwangalia yeye, na mtu aliyezoea kuamuru matingo wa malori akasema kwa sauti ya kusikika, "Mama Njeri, nilikosea. Papai yako haikuwa na makosa. Mimi ndio nilikuwa na makosa. Nisamehe."

Mama Njeri akachagua papai, akaligonga kwa kidole, akalirudisha, akachagua lingine. Akavua aproni, akamkabidhi Abdi pamoja na kisu.

"Kaa hapo kwa kreti uuze," akamwambia. "Mimi naenda kumwona rafiki yangu."

Na Abdi akakaa. Mwenye malori, ameweka aproni ya maua kwenye mapaja, anauzia watu ndizi na kuulizwa bei asizozijua. Ng'ambo ya barabara tuliona viti viwili vifupi vikitolewa mlangoni. Jua lilianza kushuka, vibanda vingine vikaanza kufungwa, na Mama Njeri hakuwa na haraka yoyote ya kurudi.